Kolwezi, Mji Uliojengwa juu ya Shaba



Wakati wa jubilei ni desturi kuhesabu: wabatizwa wangapi, ndoa ngapi, mapadri wangapi waliopita kwetu. Hesabu hizo mtazikuta katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Mimi nimepewa kazi ya kueleza habari za mji wenyewe, maana parokia haielei hewani. Imesimama juu ya udongo fulani, kati ya watu fulani, na udongo wetu una historia yake.

Wengi kati ya mapadri wageni wetu walisoma Roma, nao wametembea katika miji midogo ya Italia. Wanatuambia kwamba kule hata mji wenye watu elfu chache una lango lake la kale, mnara wake na uwanja wake, na kwamba watu wanajua kila jengo lilisimamishwa na nani. Mfano unaopendwa kwetu ni Assisi, kwa sababu Injili ililetwa upande huu wa Lualaba na wana wa Mtakatifu Fransisko. Assisi ni mji mdogo juu ya mlima, nyumba zake ni za mawe ya mlima Subasio, meupe na yenye rangi ya waridi. Pale uwanjani kungali nguzo sita za hekalu la Waroma, ambalo sasa ni kanisa la Bikira Maria. Fransisko alikufa mwaka 1226. Mwaka 1228 Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu na kuweka jiwe la kwanza la basilika yake. Tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 1997 tetemeko la ardhi liliipiga basilika hiyo. Sehemu ya dari ilianguka na kuua watu wanne. Wenyeji hawakuvitupa vipande. Waliviokota, maelfu kwa maelfu, wakavirudisha pahali pake kimoja kimoja, na mwaka 1999 basilika ikafunguliwa tena.

Mgeni mmoja aliniuliza siku moja: «Mwalimu, nanyi Kolwezi mna alama gani za kale?» Nilimjibu haraka kwamba hatuna, kwa sababu mji huu ni wa juzi tu, nao ulijengwa kwa ajili ya mgodi. Baadaye jibu hilo lilinichoma moyoni, maana halikuwa la kweli. Alama tunazo. Lakini sisi wenyewe hatujazisimulia, na nyingine zimekwisha kumezwa na mashimo kabla hatujaziandika. Basi, ndugu msomaji, nifuate. Tutembee pahali saba.

I. Kilima chenye maua ya shaba

Kabla ya mji kulikuwa vilima. Mzee yeyote wa hapa anajua kwamba pahali penye shaba karibu na uso wa nchi miti haistawi; kilima kinabaki na majani mafupi, na ua dogo lenye rangi ya zambarau linaota juu yake. Ua hilo liliwaongoza watafutaji wa madini kutoka Ulaya, lakini wenyeji walikuwa wamelisoma zamani za zamani.

Wasanga na majirani zao waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya mzungu kufika. Kazi yenyewe ilifanywa wakati wa kiangazi, kisha mavuno. Walikusanya mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa na kuvukuta mivukuto mpaka shaba itiririke. Kazi hiyo ilikuwa na wakubwa wake, miiko yake na maombi yake. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza Kanisa la Katanga tangu 1910 hadi 1958, aliandika juu yao katika mwaka 1926 na kuwaita «walaji wa shaba».

Shaba ile waliimimina katika vibao vyenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo midogo imekutwa makaburini pa Sanga, kule chini katika bonde la Lualaba karibu na ziwa Kisale, ambako wataalamu walichimba kuanzia mwaka 1957. Makaburi mengine yana umri wa miaka 600 ao 700. Ilikuwa mali: watu walilipia mahari nayo, wakafanya biashara nayo, wakawazika wafu wao pamoja nayo. Haikuwa msalaba wa Kristu, nasi tusiseme hivyo kwa kutaka kupendeza wageni. Lakini mkatekista anayefundisha watoto katika nchi hii anapaswa kuwaambia kwamba mababu zao hawakuwa watu mikono mitupu. Walijua kazi, walijua thamani, na waliwaheshimu wafu wao.

II. Reli, na mwaka 1937

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka 1906. Ilianza kuyeyusha shaba kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1911. Upande wetu wa magharibi ulijulikana kwanza kwa ajili ya Ruwe, yaani Mutoshi, ambako dhahabu ilipatikana pamoja na shaba. Lakini bila reli mali hiyo ilikuwa mbali na kila bandari.

Kwa hiyo alama yetu ya pili ni njia ya reli. Mwaka 1931 Beseka ilimaliza njia kutoka Tenke hadi Dilolo, ikaungana na reli ya Benguela iliyotoka bandari ya Lobito juu ya bahari ya Atlantiki, safari ya zaidi ya kilomita 1,300 ndani ya Angola peke yake. Hapo ndipo Kolwezi ilipopata sababu ya kuwa mji. Mwaka 1937 ulianzishwa rasmi, katika nyanda za juu za Manika, mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari, uwe makao makuu ya migodi ya magharibi. Mwaka 1941 kiwanda cha kusafishia mawe ya shaba kilianza kazi. Mwaka 1960 ikafuata Luilu, na mwaka 1968 kile cha Kamoto.

Reli ile iliugua mwaka 1975, vita vilipoifunga njia ya Angola, ikakaa hivyo miaka karibu 40. Mwaka 2018 shaba yetu ilianza tena kushuka Lobito kwa treni. Wazee wanaosikia leo habari za «njia ya Lobito» kama jambo jipya hucheka kidogo.

III. Kambi

Mji wa zamani za Wabelgiji ulikuwa miji miwili. Upande mmoja barabara pana, miti ya jakaranda na nyumba za wazungu. Upande mwingine Manika na kambi za wafanyakazi. Mtu mweusi hakulala upande ule isipokuwa akiwa mtumishi. Tunasema hivi bila chuki, lakini tunasema, maana ndivyo barabara zetu zilivyochorwa, na anayezifuata kwa miguu anaona mpaka huo hata leo.

Watu wa kambi walitoka pande nyingi: Kasai, Maniema, nchi za Waluba na Walunda, Rwanda na Burundi, Rodezia. Tangu karibu mwaka 1928 Kompani ilibadili siasa yake. Badala ya kuchukua vijana kwa muda wa miezi michache na kuwarudisha vijijini, ilitaka mfanyakazi akae na mke wake na watoto wake. Ikajenga nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, ikatoa posho kila juma, ikafungua hospitali. Nayo misioni ikaendesha shule. Serikali, Kompani na misioni walishikana mikono. Faida ilikuwako, nao utumwa ulikuwako ndani yake, kwa kuwa aliyepoteza kazi alipoteza nyumba siku ileile.

Lakini katika kambi hizo kitu kilizaliwa ambacho hakuna aliyekipanga. Mluba wa Kasai, Msanga, Mcokwe na Mnyamwanda walipokutana kwenye bomba moja la maji, walihitaji lugha moja. Lugha hiyo ndiyo Kiswahili hiki ninachokiandika. Babu zetu hawakukileta kutoka pwani. Walikijenga wenyewe, kando ya tanuru na katika darasa la katekisimu. Nami nathubutu kusema kwamba hiki ndicho jengo la kale lililo kubwa kupita yote katika mji wetu.

IV. Musonoi, pahali Jamaa ilipozaliwa

Mapadri Wafransisko Wabelgiji walifanya kazi upande wa Lulua na Katanga ya kati tangu miaka ya 1920. Mmoja wao, Padri Placide Tempels, aliyezaliwa mwaka 1906, alifika Kongo mwaka 1933. Miaka ya kwanza alifundisha kama wengine wote, akidhani anamwaga maji katika chombo kitupu. Kisha aligundua kwamba chombo kilikuwa kimejaa. Alianza kuuliza watu na kuwasikiliza, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kikatoka Elisabethville, kikazungumzwa mpaka Paris na Dakar. Wengine walikisifu, wengine walikikataa. Kwetu sisi jambo kubwa ni lililofuata.

Kuanzia mwaka 1953 Padri Tempels alitumwa kwenye migodi ya Kolwezi, Ruwe na Musonoi. Pale, pamoja na mabwana na wake wa kambi, likazaliwa lile tunaloliita Jamaa. Hapakuwa na sanamu wala kadi ya uanachama. Walikaa chini jioni, baada ya mapinduzi ya kazi, bwana na mke wake wakiwa pamoja, wakazungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Waliitana Baba na Mama, na padri mwenyewe wakamwita Baba. Kwa mtu aliyeitwa «boyi» mchana kutwa, jina la Baba lilikuwa jambo kubwa. Jamaa ilienea Katanga yote na kufika Kasai. Mwaka 1966 na 1967 mtaalamu Johannes Fabian alikuja kuichunguza, akaandika juu yake kitabu ambacho kinasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Ukweli wa historia unataka tuseme pia kwamba baadaye makundi mengine yalipotoka, na maaskofu waliyakemea. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafariki huko mwaka 1977. Lakini kila mara mgeni anapouliza Kolwezi imelipa Kanisa nini, jibu langu ni hili: katika kambi ya wachimbaji, watu wasio na shule walimfundisha padri, na padri akakubali kufundishwa.

Jimbo letu lenyewe liliundwa mwaka 1971. Askofu wake wa kwanza alikuwa Mfransisko, Victor Petrus Keuppens, na tangu 1974 hadi 1998 liliongozwa na Baba Askofu Floribert Songasonga Mwitwa, aliyehamishwa kisha kuwa Askofu Mkuu wa Lubumbashi.

V. Ukuta wa Nzilo

Mto Lualaba, ambao huko chini utaitwa Kongo, unapita karibu na mji wetu na kupenya milima ya Mitumba katika makorongo ya Nzilo. Hapo Union Minière ilijenga ukuta wa kuzuia maji, nao ulianza kutoa umeme mwaka 1952. Zamani uliitwa Delcommune, kwa jina la msafiri mmoja Mbelgiji. Sasa unaitwa kwa jina la pahali. Chini yake, katika miaka ileile ya 1950, ulifuata ule wa Nseke. Ziwa lililotokea nyuma ya ukuta linalisha wavuvi wengi, na samaki wake mmekula jana mezani petu.

Ukuta huu ulikaribia kuangamia. Katanga ilijitenga tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, na mapambano ya mwisho yalikimbilia kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 1963 Moïse Tshombe alikuwa Kolwezi pamoja na askari wake na mamluki, na baruti zilikuwa zimetegwa ukutani Nzilo. Kama ungepasuliwa, migodi ingezimika na maji yangefagia bonde. Kwa siku kadhaa mji wote ulikaa kama mtu aliyeshikwa pumzi. Mwishowe Tshombe alitangaza kwamba anaacha, na tarehe 21 mwezi wa 1 mwaka 1963 askari wa ONU waliingia Kolwezi bila vita. Utengano wa Katanga uliishia hapa petu. Ukuta ungali umesimama, nao ni alama ya siku ambayo watu wenye uwezo wa kuharibu hawakuharibu. Alama za namna hiyo ni chache duniani.

VI. Shule ya Yoane XXIII

Siku nyingine hatukuponyoka. Mwezi wa 3 mwaka 1977 waasi walitoka Angola na kukaribia Kolwezi, wakarudishwa. Alfajiri ya tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978, siku ya Posho ambayo wengine walikuwa bado wamelala, walirudi kwa kupitia Zambia, na mji ukaanguka mikononi mwao. Siku saba za hofu zilifuata. Watu waliuawa majumbani na barabarani, weusi na weupe, wengine na waasi, wengine na askari waliopaswa kuwalinda. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walianguka kutoka angani. Kesho yake wakafika wa Ubelgiji. Shule ya Yoane XXIII ilikuwa kati ya pahali pa kwanza walipokimbilia, na watu waliokuwa wamefungwa humo wakaokolewa.

Dunia nzima ilihesabu wazungu waliokufa, zaidi ya mia moja, na majina yao yamechongwa. Wafu wetu walikuwa mamia mengi, na wengi walizikwa kwa haraka katika mashimo ya pamoja. Majina yao yako wapi? Ninawasihi wale waliokuwa watu wazima wakati ule: tuleteeni majina hayo. Watoto waliozaliwa mwaka 1978 wamekwisha kuwa na wajukuu.

VII. Stesheni

Nimefika penye alama ambayo ningependa kuipita, na ndiyo sababu sitaipita. Mwezi wa 3 mwaka 1993, kisha maneno ya siasa yaliyowashwa Lubumbashi na Likasi tangu mwaka uliotangulia, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Kolwezi. Babu zao walikuwa wamejenga kambi hizi. Wengi hawakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Maelfu kwa maelfu walilala nje wakingojea treni, na watoto wengi pamoja na wazee walikufa kwa njaa na magonjwa kabla treni haijafika, ao ndani ya treni yenyewe.

Nilikuwa mtoto. Mwenzangu tuliyeketi benchi moja shuleni, tuliyepokea Komunyo ya kwanza siku moja, aliondoka na sufuria kichwani. Hakuaga. Nilimwona akipita mbele ya nyumba yetu, na baba akaniita niingie ndani. Waliokuwa wakiwapigia kelele njiani sikuwajua wote, lakini wengine niliwajua: niliwaona kanisani Siku ya Mungu iliyofuata. Wako pia waliowaficha jirani zao na kuwapelekea maji usiku, Mungu anawajua. Jubilei katika Maandiko ni mwaka wa kurudisha na kusamehe. Wengine wao wamerudi tangu wakati ule na wamo katika jumuiya zetu. Sijasikia bado tukiwaomba msamaha kwa sauti, kama parokia.

Mji unaokula miguu yake

Sasa, ndugu zangu, tufike penye haja yenyewe. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, iliyorithi Union Minière kisha serikali kuitwaa mwaka 1967, ilikuwa imetoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Mishahara ilikoma, shule na hospitali zikadhoofika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliambiwa waende kwa hiari yao, hiari ambayo wengi hawakuijua. Ndipo vijana walishika sepeto na kamba, wakawa wachimbaji wa mikono.

Kisha dunia iligundua kobalti. Mwaka 2014 pale Kasulo mtu alichimba katika kiwanja chake akakuta madini, na kwa muda mfupi mtaa mzima ulijaa mashimo: vyumbani, jikoni, kando ya vyoo. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na wenyeji wake wakahamishwa. Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2019 udongo uliangukia wachimbaji katika mgodi mmoja mkubwa karibu nasi, wakafa zaidi ya 40. Tangu mwaka 2015 sisi ni mji mkuu wa mkoa wa Lualaba. Majengo mapya yanapanda, na mashimo nayo yanapanuka kuelekea nyumba. Kuna mitaa ya zamani ya wafanyakazi ambayo imekwisha kupungua, na mingine watu wake wanaambiwa wajitayarishe kuondoka. Nyumba aliyozaliwa mama yangu, safu ya tatu kutoka bomba, haiko tena. Pahali pake ni hewa. Nilipompeleka mama aone, alisimama penye ukingo akauliza: «Jikoni kulikuwa wapi?» Sikuweza kumwonyesha kwa kidole, kwa sababu hapakuwa na chini.

Hapo nilifahamu tofauti yetu na Assisi. Kule tetemeko lilivunja dari, lakini mlima ulibaki, na vipande viliweza kurudi pahali pake. Kwetu pahali penyewe panachukuliwa, panapakiwa katika magari, panakwenda Lobito, Durban na Dar es Salaam, kisha Uchina na Ulaya. Hata jina letu limeingia katika mawe: mwaka 1980 wataalamu waliita jiwe moja la shaba na kobalti «kolwezite». Siwalaumu wanaochimba, mkate wangu nami umetoka humo. Ninasema tu kwamba mji wa namna hii hauwezi kuutegemea udongo utunze kumbukumbu yake. Ni lazima watu waitunze.

Tufanye nini?

Natoa mashauri matatu, kwa unyenyekevu, mbele ya Padri Paroko na halmashauri ya parokia.

La kwanza: vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Humo yameandikwa majina ya baba na mama, na mara nyingi kambi ao kijiji walikotoka. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo karatasi ya pekee inayobaki. Vingine vimeanza kuliwa na mchwa. Vinakiliwe, na nakala moja iwekwe mbali na Kolwezi.

La pili: kila jumuiya ya msingi ichague vijana wawili wenye kuandika vizuri, waketi karibu na wazee wa Jamaa, wafanyakazi waliostaafu na mama wa kambi, waandike maneno yao kama wanavyoyasema, kwa Kiswahili chao. Wasingoje mwaka ujao. Mwaka uliopita tumezika wazee wengi.

La tatu: mtaa unapohamishwa, parokia ifike kabla ya mashini. Misa isomwe katika shapeli mara ya mwisho. Majina yaliyo juu ya makaburi yaandikwe. Ramani ya nyumba ichorwe na wenyewe waliokaa ndani. Ni kazi ya siku chache na daftari moja. Mtu akijua kwamba pahali pake pameandikwa, huondoka akiwa mtu, hata kama anaondoka na machozi.

Wapenzi wageni wetu, mnapotoka Misa hii ya jubilei, tafadhalini msikimbilie gari upesi. Ombeni mtoto mmoja wa katekisimu awatembeze. Nimewafundisha pahali hapa saba, na wanajua tarehe. Kilima watawaonyesha kwa mbali, reli kwa karibu. Na mkifika stesheni watanyamaza kidogo, maana ndivyo tulivyokubaliana.

Mtakatifu Barbara, mwombezi wa wachimbaji, ambaye tunamkumbuka kila tarehe 4 mwezi wa 12, atuombee. Na Mtakatifu Fransisko, aliyeanza utume wake kwa kutengeneza kanisa lililobomoka, atufundishe kuokota vipande vyetu vingali vinaonekana.

Mkatekista wenu.